Nürburgring: Tembea Kwanza, Gari Baadaye

Wengi tunaoipenda Nürburgring, uwanja wa mbio za magari wa Ujerumani, tuliipendea kwenye kioo. Video za simu, michezo ya kompyuta, marudio ya mbio za saa 24 usiku wa manane. Kabla sijakanyaga Ujerumani nilikuwa nimezikariri kona zote kwa mpangilio, kuanzia Hatzenbach hadi Hohenrain, na nilijua wapi dereva mzuri anakanyaga breki na wapi analiacha gari litiririke lenyewe. Kilichokuwa hakijanifikia ni vilima. Kioo huvilaza. Mteremko ambao ukiusimamia mapaja yanakaza na vidole vya miguu vinabana viatuni, kwenye video unaonekana barabara tambarare yenye miti kandokando. Ndiyo maana mtu akiniambia anapanga safari ya huko, namsihi ajipe siku nzima ya kutembea kwa miguu kabla ya kuingiza gari.

Panapoitwa Nürburgring leo pana njia mbili. Ipo ile ya kisasa, iliyofunguliwa 1984, yenye urefu wa kilomita tano na ushei, majukwaa makubwa na nafasi za kutosha za gari kutoka nje ya njia bila kugonga kitu. Na ipo ile ya zamani, Nordschleife, ambayo ndiyo iliyonipeleka: kilomita 20.8, kona zaidi ya 70, na tofauti ya kimo karibu mita 300 kati ya bondeni Breidscheid na kileleni Hohe Acht. Njia nyingi za mashindano duniani zingeingia ndani yake mara nne na bado nafasi ikabaki.

Ugumu wake una chanzo chake. Katika miaka ya 1920 milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, ilikuwa miongoni mwa sehemu maskini za nchi. Kiongozi wa wilaya ya Adenau, Otto Creutz, alisukuma wazo la kujenga njia ya mbio za magari ili watu wapate kazi, na Konrad Adenauer, wakati huo meya wa Cologne, akaliunga mkono. Ujenzi ulianza 1925, na Juni 1927 mbio za kwanza zikafanyika; Rudolf Caracciola akashinda za magari akiwa na Mercedes-Benz. Waliojenga waliifuata ardhi ilivyo. Kilima kilipopanda, njia ilipanda. Bonde lilipochimbika, njia ilizama nalo. Ukilijua hilo, mambo mengi utakayoyaona huko yanaeleweka, kwa sababu hakuna aliyekaa mezani akaamua kwamba hapa dereva asione mbele. Ni mlima wenyewe ulioamua.

Nilianzia juu, kwenye ngome ya kale ya Nürburg, ambayo njia yote inaizunguka. Nilipanda mnara nikitarajia kuiona Nordschleife imelala chini yangu. Sikuona chochote isipokuwa msitu, ukungu uliokaa mabondeni, na kipande kidogo cha lami kilichochungulia halafu kikapotea. Ila nilisikia. Injini moja ilinguruma upande wangu wa kushoto, ikafifia, kimya kikapita kirefu, kisha ikasikika tena mbali kabisa upande wa pili. Nilikuwa nimesoma namba ya kilomita mara nyingi, lakini kile kimya cha katikati ndicho kilichonifahamisha ukubwa wa mahali pale.

Mwenyeji wangu, ndugu mmoja aishiye Cologne ambaye hiyo njia anaijua vizuri, alinipeleka Breidscheid, ukingoni mwa mji wa Adenau. Hapo barabara ya kawaida inapita chini ya daraja la njia ya mbio. Chini wanapita watu wanaotoka dukani, na juu yao magari yanatoka mteremko wa Wehrseifen breki zikilia. Tukapanda kwa njia ya waenda kwa miguu iliyo kando ya uzio.

"Kaka, simama hapa," akaniambia tulipofika juu ya Ex-Mühle. "Usitazame magari. Tazama lami."

Nikatazama. Lami inatoka kwenye daraja, inainama kidogo, halafu inapanda ghafla ikikata kulia. Gari lililopita lilibonyea kwenye kile kibonde mpaka tumbo likakaribia kugusa chini, likainuka, na matairi ya ndani yakawa mepesi kabisa pale juu, wakati uleule ambapo dereva alihitaji yashike. Kwenye video hiyo ni kona ya kulia tu, ya kawaida. Nikiwa nimesimama pale, nikihema kwa kupanda, nilielewa kwamba anayekata usukani kwa kufuata anachokiona amechelewa. Inabidi akate kwa kufuata anachokijua kiko nyuma ya ukingo.

Mbele zaidi, msituni, ni Bergwerk. Sehemu iliyo kabla yake ndipo Niki Lauda, dereva wa Langalanga (Formula One), alipopata ajali tarehe 1 Agosti 1976. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na kabla ya mbio alikuwa amependekeza zisifanyike. Wenzake wengi wakaamua washindane. Gari lake, Ferrari, lilitoka njiani, likagonga ukingo, likarudi katikati ya njia likiwaka moto. Waliomchomoa ni madereva wenzake: Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl. Wiki sita baadaye alikuwa mbioni tena Monza, Italia, akamaliza wa nne. Langalanga haikurudi tena kushindania Nordschleife.

Habari hiyo kila mpenzi wa mbio anaijua. Ila kusimama karibu na pale kuna kitu kinaongeza. Miti imeziba pande zote. Huoni jukwaa, huoni nyumba, huoni hata kona inayofuata. Enzi hizo njia ilikuwa na urefu wa kilomita 22.8, na hakuna mwandaaji ambaye angeweza kuweka gari la zimamoto na daktari karibu na kila kona ya msitu ule. Madereva walishalalamika miaka mingi. Mwaka 1970 waligoma, mbio za Ujerumani zikahamishiwa Hockenheim, na ndipo zikawekwa reli za chuma na baadhi ya matuta yakapunguzwa. Nilikuwa nikisoma kwamba Nordschleife iliachwa kwa sababu ya ajali moja. Baada ya kutembea pale naamini iliachwa kwa sababu ya umbali: msaada ulikuwa mbali, na haukuwa na namna ya kuwa karibu.

Hata mtazamaji ana sehemu yake katika jambo hili. Machi 2015, kwenye mashindano, gari liliinuka pua kwenye sehemu iitwayo Flugplatz, likaruka, likavuka uzio na kumuua mtazamaji mmoja. Msimu ule zikawekwa sehemu za kupunguza kasi, na baadaye matuta ya pale yakasawazishwa na uzio ukaongezwa. Kwa hiyo ukikuta kibao kinachokuzuia kusimama mahali fulani, na mandhari hapo ni mazuri kuliko pote, kitii. Nimewaona watu wakipita chini ya kamba ili wapate picha nzuri, na iliniuma, maana kila kamba iliyofungwa pale ina sababu yake.

Mahali pazuri pa kutazamia ni Brünnchen. Pana mwinuko wa nyasi, maegesho, na familia hukaa siku nzima na viti vya kukunja. Wengi huenda wakisubiri ajali, nami sipendi hilo. Mimi nilichagua kona moja nikakaa nayo kwa saa nyingi nikitazama taa za breki tu. Inafunza ajabu. Magari mawili ya aina moja yanashuka: la kwanza linakanyaga breki likiwa limenyooka, linaachia, linageuka kwa utulivu. La pili linafika na kasi ileile, dereva anagundua kona inazidi kubana, anakanyaga breki usukani ukiwa umekatwa, mkia unaanza kutoka nje. Uzito wote umekwenda mbele, matairi ya nyuma hayana cha kushikia, na njia pale inashuka, kwa hiyo uzito unazidi kwenda mbele. Nililiona hilo likijirudia kwa magari ya bei mbaya na kwa vigari vidogo vya zamani, bila tofauti.

Kisha mvua ikaja, na mvua ya Eifel haiji kwa wote. Brünnchen palikuwa panamiminika, huku magari yaliyokuwa yakija kutoka upande wa Hatzenbach yakifika makavu na madereva wao wakiwa bado wanakimbia. Nikaona pia kwamba lami si moja. Kuna viraka vipya vyeusi vinavyoshika, viraka vya zamani vilivyosuguliwa mpaka vinang'aa, na michoro ya rangi ambayo mashabiki huichora barabarani. Kwenye maji ile rangi inateleza vibaya sana. Kwenye video michoro hiyo ni pambo. Kwa dereva ni kitu cha kukwepa.

Kuhusu majengo, niseme ninavyoona. Upande wa njia ya kisasa kuna ukumbi mkubwa mrefu, jumba la maonyesho ya historia ya mbio, hoteli na maduka. Mengi yalijengwa karibu na 2009 kwa matumaini makubwa na madeni makubwa zaidi, na mwaka 2012 kampuni iliyomilikiwa na serikali ikafilisika. Kulikuwa hata na treni ya burudani ya kasi (roller coaster) iliyofunguliwa mwishoni mwa 2013, ikafungwa baada ya siku chache tu. Unapotembea kwenye ule ukumbi siku ambayo hakuna mashindano, nyayo zako mwenyewe zinakurudia masikioni. Sikudumu mle.

Nilidumu kwenye eneo la zamani la karakana, lile la enzi za mwanzo. Ni vibanda vidogo vilivyopangwa kuzunguka uwanja, kila kimoja kikitosha gari moja na mafundi wawili watatu. Niligusa mlango mmoja wa mbao, nikapima kwa macho: gari la leo la mashindano lisingeingia bila kukwaruza ubavu. Hapo ndipo walipokaa watu waliokwenda kuendesha kilomita 22 bila mkanda na bila reli. Kama muda wako ni mfupi, acha maduka uende huko.

Na kuna jambo moja la majengo yale makubwa ambalo nalipa heshima yake. Julai 2021, mafuriko ya bonde la mto Ahr yalipoua watu na kusomba nyumba, Nürburgring iligeuzwa kituo cha waokoaji na ghala la misaada. Maegesho yaliyojengwa kwa ajili ya mashabiki yalijaa magari ya zimamoto. Watu wa pale bado hulisimulia hilo kabla ya kukusimulia mshindi yeyote wa mbio.

Sasa kuendesha. Siku ambazo hakuna mashindano wala majaribio, Nordschleife hufunguliwa kwa umma kama barabara ya kulipia ya kuelekea upande mmoja. Unanunua mzunguko, unapita getini, unakwenda. Wageni wengi husahau kwamba sheria za kawaida za barabarani za Ujerumani zinatumika. Unakaa kulia, na anayekupita anakupita kushoto, hapana vinginevyo. Kushindana na kujipima muda hakuruhusiwi, na kupiga video ukiwa unaendesha ni marufuku. Wala hukamilishi duara lote kwa mkupuo: ukiwa kwenye mnyooko wa Döttinger Höhe unatolewa nje, unarudi kwenye maegesho, ukitaka unaingia upya.

Mzunguko wangu wa kwanza nilikaa kiti cha abiria, na mwalimu wa kulipwa akaendesha. Nashauri kila mtu afanye hivyo. Mzee yule hakuwa na haraka. Alichonifundisha zaidi ni vioo. Kila alipomaliza kona alitupa jicho kwenye kioo cha nyuma, na gari lenye kasi lilipotokea aliwasha indiketa ya kulia, akabaki kulia, akaliacha lipite kabla halijamkaribia. Kwenye njia hii hatari kubwa kwa mgeni ni tofauti ya kasi kati yake na anayekuja nyuma, kuliko hata kona zenyewe. Kuna anayekwenda kutalii na kuna mwenyeji aliyeizunguka maisha yake yote, na wote wamo kwenye lami moja nyembamba.

Wenyeji hao wana mfano wao mkubwa. Sabine Schmitz alikulia kijijini Nürburg, kwenye hoteli ya wazazi wake, na mwaka 1996 akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio za saa 24 za hapo, akarudia 1997. Alifariki 2021, na kona ya kwanza sasa ina jina lake. Mwalimu wangu alipunguza kasi kidogo pale alipotaka kunisimulia habari zake, na sauti yake ikabadilika.

Gari nililoendesha mwenyewe nilikodi kwa kampuni ya pale jirani inayokodisha magari ya kazi hiyo. Mikataba ya kawaida ya kukodi gari hukataza kabisa kuingia Nordschleife, na bima nyingi haziko nawe ukishapita geti. Soma mkataba neno kwa neno. Ukigonga reli, utalipia reli, utalipia brekdauni, na unaweza kulipia hata muda ambao njia ilifungwa. Nilitoa kila kitu kilichokuwa hakijafungwa ndani ya gari, hadi chupa ya maji, kwa sababu chupa ikibingirika chini ya pedali ya breki pale Fuchsröhre hakuna wa kukusaidia.

Fuchsröhre ni mteremko unaoshuka msituni kwa kasi mpaka chini kabisa, halafu unakukandamiza kitini na kukurusha juu kuelekea Adenauer Forst. Niliachia mafuta mapema, kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa na kona ya Adenauer Forst kwa miguu na nilijua kwamba kuna kipinda cha kushoto kinachofichwa na ukingo. Dereva aliyekuwa mbele yangu hakukijua. Alipitiliza moja kwa moja kwenye nyasi. Alitoka salama, namshukuru Mungu kwa hilo.

Kisha Karussell. Kona hii imelazwa kwa mabamba ya zege upande wa ndani, na gari huzunguka humo kama maji yanavyozunguka beseni. Huoni unakokwenda, unapanda kilima, ukingo unakufichia, na ghafla zege liko chini yako. Kila kiungo cha bamba kilipiga gari kwa chini, usukani ukatetemeka mpaka viwikoni, na uzito ukanikandamizia kitini. Funzo la pale ni kulegeza mikono. Ukiukaba usukani unapigana na gari ambalo tayari linashikwa na ukuta wa kona. Ila usitoke mapema, maana pale zege linapoishia na lami kuanza pana kidaraja kinachoweza kulirusha gari nje.

Breki ndizo huchoka kabla ya kitu kingine chochote. Kuanzia kona ya Aremberg hadi Breidscheid sehemu kubwa ya njia inashuka, na maji ya breki yakiwa ya zamani yanakuwa yamenyonya unyevu, yanachemka, pedali inakuwa laini mguuni. Ndiyo maana wenyeji huitumia Döttinger Höhe, ule mnyooko mrefu wa mwisho, kulipoza gari. Ukifika maegesho usivute breki ya mkono, kwa sababu breki za moto zinaweza kunata. Acha gari kwenye giya.

Kuhusu muda: Stefan Bellof alizunguka kwa dakika 6 na sekunde 11.13 mwaka 1983 akiwa na Porsche 956, na hakuna aliyemfikia mpaka 2018 Timo Bernhard alipofanya dakika 5 na sekunde 19.546. Watu hao walikuwa na njia iliyofungwa, timu nzima nyuma yao, na kipaji. Mgeni mwenye saa ya kupimia kwenye dashibodi ananitia hofu kuliko mvua.

Jiandae pia kusubiri. Mtu mmoja akianguka, njia nzima hufungwa. Siku niliyoendesha tulikaa maegeshoni muda mrefu huku brekdauni zikipita. Watu walipima upepo wa matairi, wakafungua boneti, wakasimuliana. Pale nilijifunza mengi kwa kuuliza tu, kwa kuwa watu wa Nordschleife hawana uchoyo wa maarifa. Mtu asiyekujua atachuchumaa akutazamie tairi lako na kukuambia ukweli.

Ratiba ya siku za wazi hutangazwa mapema, lakini itazame tena asubuhi ya siku yenyewe. Siku nyingi za kazi njia hukodiwa na watengenezaji wa magari kwa majaribio, umma ukaachiwa jioni. Ikiwa hivyo, usibaki hotelini. Nenda Pflanzgarten au Brünnchen mchana ule, uyatazame magari yaliyofunikwa stika za kuficha umbo yakipita tena na tena, yakiendeshwa na watu wanaolipwa kwa kuijua njia hii. Jioni geti likifunguliwa utakuwa umeshaiona lami ilivyo siku hiyo: wapi pamekauka, na wapi bado pana majimaji chini ya miti.